Mtoto Asiyetambaa Hajabemendwa

"Daktari, mtoto ana miezi 9 hatambai. Amebemendwa?" Swali hili halikauki kliniki za Katavi, kuanzia Mpanda mjini hadi Mishamo na Majimoto. Mama huliuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi ametumwa na bibi wa mtoto. Jibu ni hapana. Leo nalijibu hadharani, kwa sababu kulijibu faragha hakujasaidia.

Kwanza, nani kasema amechelewa? Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza popote kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu. Kutembea peke yao, kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Tena watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa. Wapo wanaojisukuma kwa makalio, na wapo wanaoshika kiti, wakasimama na kwenda zao. Mtoto wa miezi 9 anayekaa bila kuegemezwa, anayegeukia sauti na kunyakua kijiko mkononi mwako hana tatizo la kutafutiwa mchawi wala mzinzi.

Sasa tuje kwenye kubemenda. Inasemwa kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto bila kuoga, miguu ya mtoto hulegea. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu ya mama. Mbegu za mwanamume huishia kwenye njia ya uzazi. Hakuna mshipa wala mfereji unaounganisha sehemu hizo mbili. Jasho la baba nalo halipenyi ngozi ya mtoto likaenda kulegeza goti.

Angalieni pia tuhuma hii inavyojilinda. Mume yuko nyumbani? Wamekosa subira. Mume yuko machimboni tangu masika? Basi ana mwanamke huko. Mama ni mjane? Basi ana mtu wa siri. Mtoto akipewa dawa ya miti shamba akiwa na miezi 10, akatembea akiwa na miezi 13, mganga anasifiwa na kuku anachinjwa. Asipotembea, wazazi wamerudia makosa. Mtoto huyo angetembea hata kwa kunyweshwa maji ya kisima. Madai yasiyoweza kushindwa kwa ushahidi wowote hayatufundishi chochote.

Wazee waliona jambo moja la kweli, wakakosea chanzo chake. Mama akishika mimba upesi, mtoto aliye kifuani huachishwa ziwa mapema, akabaki na uji mweupe wa mahindi. Anakonda, ananyong'onyea, anaacha kucheza. Kilichomlegeza ni utapiamlo. Na kinga ya mimba ya haraka iko zahanati: kondomu, sindano, kijiti, kitanzi.

Kinachoniudhi ni madhara ya "tiba". Mama aliyeshutumiwa humwachisha mtoto ziwa, yaani anamnyang'anya chakula chake bora. Mtoto hunyweshwa mizizi isiyo na kipimo, na ini na figo zake ndizo zinazolipa. Anachanjwa chale kwa wembe uliokwisha kumpitia mwingine. Na yule mwenye mtindio wa ubongo, kwa sababu hakulia mara alipozaliwa, au alipata manjano makali, au malaria ilimpanda kichwani, anafichwa ndani kwa aibu hadi misuli inakakamaa. Huyo ndiye tuliyemhitaji mapema, na ndiye anayeletwa mwisho.

Haya, ya kufanya. Mshushe mgongoni, mtandikie mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho, weka kikombe mbele kidogo ya mkono wake. Ondoa beseni la maji, mafuta ya taa, sumu ya panya. Zuia njia ya kwenda kwenye mafiga. Vigari vya magurudumu havifundishi kutembea na huangusha watoto. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Nyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Kuanzia miezi 6, tia kwenye uji karanga au dagaa waliosagwa, mpe yai, maharage, mboga na matunda. Chandarua kila usiku. Aliyezaliwa njiti, hesabu miezi yake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Usisubiri siku ya kupima uzito ikiwa shingo haijakaza akiwa na miezi 4, hakai akiwa na miezi 9, hatembei akiwa na miezi 18, mwili umekakamaa au umelegea kama kitambaa, anatumia upande mmoja tu, au amepoteza alichokwisha kukiweza. Beba kadi ya kliniki; ikibidi, omba rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa sera ya serikali, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 hayalipiwi katika vituo vya umma.

Na ninyi bibi zetu: mleteni mjukuu kliniki, mkawaache wazazi wake walale chumba kimoja.