Ngazi Isiyo na Kishikio ni Adui Ndani ya Nyumba

Askari hufundishwa kumtafuta adui mbele yake, ubavuni mwake na nyuma yake. Ni nadra kufundishwa kumtafuta chini ya nyayo zake mwenyewe, ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Hata hivyo adui huyo yupo, na wengi wetu tumempa makazi bila kujua. Jina lake ni ngazi ya zege isiyo na uzio wala kishikio.

Mji wetu wa Bujumbura unaanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha meta 774 juu ya usawa wa bahari, kisha unapanda milima kuelekea mashariki. Anayejenga Kiriri au Sororezo hupewa mteremko badala ya uwanja tambarare, na mteremko humlazimisha kujenga ngazi. Hata katika mitaa ya bondeni, viwanja ni vidogo na watu huongeza ghorofa. Wenzetu wengi walijenga kwa akiba waliyoipata ugenini, kwa kuwa tangu Desemba 2007 vikosi vya Burundi vilikwenda Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na vingine vikaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Nyumba za namna hiyo hujengwa kwa awamu: msingi, kuta, paa, milango, kisha familia inahamia. Vyuma vya ngazi huachwa viwe vya mwisho, na mara nyingi mwisho huo haufiki.

YALIYOMPATA SAJINI

Tulimtembelea sajini mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, aliyekuwa amekwisha kuishi miaka miwili katika nyumba yake mpya. Lango lake la nje lilikuwa la chuma kizito, na kila dirisha lilikuwa na nondo. Ndani, ngazi yenye vipandio 15 ilipanda ghorofani ikiwa wazi upande mmoja. Mahali pa uzio palifungwa kamba ya katani. Jioni moja umeme ulikatika. Binti yake wa miaka minne alisikia sauti ya baba mlangoni, akashuka mbio gizani, akaishika kamba, na kamba ikamfuata. Mkono ulivunjika mahali pawili. Daktari alisema kwamba angeanguka kwa kichwa, tungekuwa tukizungumza habari nyingine.

Sajini huyo alirudi salama kutoka vitani. Alikuwa amenunua chuma cha kutosha kumzuia mwizi ambaye hajaja, lakini hakuweka hata fimbo moja ya kumzuia mtoto anayepita pale kila siku. Hatumlaumu yeye peke yake. Ni wangapi kati yetu wenye lango imara na ngazi iliyo uchi?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa kwa kuanguka duniani, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa ajali zisizokusudiwa, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi.

VIPIMO KWANZA

Kabla ya kumwita fundi, ngazi yenyewe hukaguliwa. Kanuni inayotumika hadi leo iliandikwa na François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17, ambaye kwanza alikuwa mhandisi wa jeshi. Aligundua kwamba kimo cha vipandio viwili kikijumlishwa na upana wa kipandio kimoja hupaswa kulingana na hatua ya mwanadamu. Siku hizi jumla hiyo huhesabiwa kuwa sentimeta 60 hadi 64. Ngazi ya sajini ilikuwa na kimo cha sm 17 na upana wa sm 28: mara mbili 17 ni 34, na 28 ni 62. Ngazi ilikuwa njema. Kosa lilikuwa ubavuni.

Kishikio cha juu huwekwa sm 90 hivi juu ya ukingo wa kipandio, na kwenye kibaraza cha ghorofani uzio hufika meta moja. Bomba la kishikio liwe na kipenyo cha milimeta 32 hadi 50, ili kiganja kilizunguke na kulifumbata. Chuma kipana kisichofumbatika ni pambo tu. Anayeteleza hakiokoi chochote.

Sasa twende kwenye fimbo za wima, maana hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Nafasi kati ya fimbo na fimbo isizidi sm 10, ili mwili wa mtoto mdogo usipenye. Kwa mazoea fundi huweka fimbo mbili kwa kila kipandio. Tuhesabu pamoja. Kipandio cha sm 28 kikigawanywa kwa mbili ni 14. Tukitoa unene wa fimbo ya milimeta 12, hubaki sm 12.8. Hiyo ni nafasi ya hatari, ingawa machoni huonekana nadhifu.

Njia ya hakika ni hii: pima urefu wa ulalo kati ya nguzo na nguzo, toa unene wa fimbo zote, kisha gawanya kwa idadi ya fimbo ukiongeza moja. Ngazi ya sajini ina sm 392 za ulalo. Kwa fimbo 34 nafasi ni sm 10.03, yaani imezidi kidogo. Kwa fimbo 35 ni sm 9.7, nayo inafaa. Fimbo hizo zikikatwa kwa urefu usiozidi sm 85, chuma kimoja cha meta sita hutoa saba, kwa hiyo vyuma vitano vinatosha. Meta moja ya chuma cha mraba cha milimeta 12 ina uzito wa kilo 1.13, basi vyuma vyote vitano havifiki kilo 35. Uzito huo ni pungufu ya lango moja la nje.

Tena, vyuma vya kulala visitumike badala ya vya wima. Mtoto akiona vyuma vilivyolala huviona ni ngazi nyingine, naye atavipanda.

NGUVU ZA NGUZO

Uzio wote hutegemea nguzo, na nguzo hutegemea boliti. Kanuni za ujenzi za Marekani hutaka kishikio kihimili msukumo sawa na uzito wa kilo 90 mahali popote. Nguzo ni wenzo. Msukumo huo ukija kwenye kimo cha sm 90, na boliti zikiwa sm 9 kutoka ukingo wa sahani unaokandamizwa chini, nguvu huzidi mara kumi: boliti huvutwa kwa kani ya kama kilo 900. Ndiyo maana skrubu iliyoingia kwenye lipu peke yake hung'oka siku ya kwanza ya msukosuko. Tundu lipite lipu na vigae, liingie kwenye zege lenyewe, lisiwe karibu mno na ukingo, na vumbi lake litolewe kabla ya boliti kuingizwa. Kuwe na nguzo chini, juu, na nyingine kati yake kila baada ya meta moja na nusu hivi.

Kazi ya chuma si ngeni kwetu. Katika nchi za Maziwa Makuu wahunzi waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na leo ukipita Buyenzi utasikia nyundo na mashine za kuchomelea tangu asubuhi. Fundi mwema huanza kwa kushikiza kila fimbo kwa nukta ndogo za kuchomelea, hupima wima kwa timazi au pimamaji, na ndipo hukamilisha mshono. Akikamilisha kwanza na kupima baadaye, joto limekwisha kuuvuta uzio upande. Wenye nyumba wasiutazame mwanga wa kuchomelea kwa macho matupu, na watoto waondolewe kabisa.

KUTU HAILALI

Unyevu wa ziwa na mvua za Oktoba hadi Mei ni rafiki wa kutu. Mishono isuguliwe kwa tupa na brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati mzuri wa kazi hiyo. Kila mwaka kague unyayo wa nguzo, maana maji hutuama hapo, na kutu hula chuma kimyakimya chini ya rangi inayong'aa. Shika kila nguzo, itikise kwa nguvu zako zote. Ikicheza, usingoje.

Kwa askari mwenye fedha kidogo ushauri wetu ni huu: kama huwezi kumaliza nyumba yote, badili utaratibu wa awamu. Uzio wa ngazi utangulie vigae, rangi za kuta na hata dari. Nyumba isiyo na dari hukaliwa bila madhara. Ngazi isiyo na uzio humdai mtu kila usiku. Nasi tunaoondoka kwa doria, zamu na misheni za mbali tusisahau kwamba wanaobaki nyuma ni mama, watoto na wazee, ambao huipanda ngazi hiyo gizani bila mkono wetu wa kuwashika.

Sajini wetu amekwisha kuweka vyuma vyake. Upande wa ukutani ameongeza kishikio cha pili, chini ya kile cha watu wazima, kwa kimo cha binti yake. Tulipokwenda kumwona mara ya mwisho, mtoto alishuka kutupokea akikishika kwa mkono uliopona, hatua kwa hatua. Baba yake alisimama chini akihesabu vipandio kwa sauti hadi cha 15.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa vyuma vitano na nguzo imara. Basi ndugu zetu, leo jioni mkirudi nyumbani, kabla ya kufunga lango, itazameni ngazi.