Kwetu hakuna picha? Subiri mama afungue sanduku!

Jamani, kuna maneno yanauma! Mwezi uliopita nilimpeleka mchumba wangu Bariadi akawaone wazee. Usiku akaninong'oneza, "Mbona kwenu hakuna hata picha moja ukutani?" Nikanywea. Mimi huyuhuyu ninayejifanya mpenda sanaa mjini!

Asubuhi, baada ya mwangaluka, nikamwambia mama. Hakunijibu. Akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akaanza kutandika khanga kitandani, doti baada ya doti: korosho, maembe, majogoo mawili yanatazamana. Ile aliletewa na baba msimu pamba ilipolipa. Hii alijifunga kwenye msiba wa bibi. Chumba kizima kikageuka maonyesho.

Kwa taarifa yako msomaji, hivyo ndivyo sanaa ilivyowafikia walalahoi duniani. Picha ya kuchora kwa mkono ni moja tu, anaichukua mwenye fedha. Ukichonga mchoro kwenye ubao, ukapaka wino na kugandamiza, unapata nakala mpaka uchoke mwenyewe. Mjerumani Albrecht Dürer alimchonga kifaru hivyo mwaka 1515. Kifaru mwenyewe hakuwahi kumwona, akampachika kipembe mgongoni! Sisi majirani wa Serengeti tungecheka tukalia, lakini nakala ziliuzwa kwa maelfu, na Wazungu wengi wakaamini kifaru ndivyo alivyo.

Baadaye ubao ukapata mpinzani. Mwaka 1783 Mskoti Thomas Bell alisajili mashine ya roli za shaba: mchoro unachongwa kwenye roli, kila rangi na roli yake, kitambaa kinapita tu. Huku pwani, khanga za mwanzo katika karne ya 19 zilipigwa chapa kwa vibao vya kuchonga. Halafu viwanda vya Ulaya, India na Japani vikaingilia kati. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa akaweka alama yake, "Mali ya Abdulla", na ndiye anayetajwa kuanzisha maneno kwenye khanga. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968, nacho kikachapa.

Ila kuna jambo linaniudhi. Jina la mwenye mali lipo, la mchoraji halipo. Nani alichora majogoo ya mama? Kazi yake imevaliwa na kina mama wangapi, na pengine yeye alilipwa mara moja tu, basi!

Nikamwomba mama hiyo ya majogoo nikaitie fremu, nitundike getoni kwangu. Akanitazama kama nimelewa. "Hii mwanangu mtanifunika nayo siku nikifa."

Akachukua doti nyingine, akaikata katikati, kipande kimoja akampa mchumba wangu. Binti akafurahi, akajitanda palepale. Kisha akasoma jina lake. Lilikuwa linawasema wageni wanaokagua nyumba za watu.

Mama ana darasa la saba, na miwani alikuwa ameivaa.