Kuchuliwa na kukandwa kwa mama mzazi: faida na mipaka yake

Hapa Mafia, kama ilivyo pwani nzima, mja mzito huchuliwa kwa mafuta ya nazi, na akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto. Wapo wanaosema mila hii yote ni mbaya, na wapo wanaosema haina dhara lolote. Kauli zote mbili si sahihi.

Wakati wa ujauzito

Kuchua taratibu mgongo, mabega na mikono hupunguza maumivu na kumletea mama usingizi. Mimba ikishakuwa kubwa alale kwa ubavu. Akilala chali, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye huweza kupata kizunguzungu.

Tumbo lisikandwe kwa nguvu. Baadhi ya wakunga wa jadi hulikanda ili kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Jambo hilo laweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati. Damu huvuja, pengine ndani kwa ndani bila kuonekana, na roho mbili zikawa hatarini. Mtoto aliyekaa vibaya ni kazi ya hospitali.

Uvimbe ukifuatana na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe kabisa. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na donge likisukumwa likafika kwenye mapafu, huua. Hatari hii huendelea hata wiki 6 baada ya kujifungua.

Baada ya kujifungua

Maji yawe ya vuguvugu, yasiunguze. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo.

Wengi hukanda ili kutoa "damu chafu". Damu ya nifasi hutoka yenyewe na kupungua siku hadi siku. Mama akitokwa na damu nyingi, watu husema, "Ni nifasi tu, mkandeni." Tufahamu kwamba nifasi ni hukumu inayohusu sala, funga na tohara, wala si kipimo cha usalama wa mama. Kitambaa kikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au mama akilegea na kutoka jasho la baridi, anapoteza damu. Kutokwa na damu ni sababu kubwa ya vifo vya wazazi duniani, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo.

Kwa walioko Chole, Juani na Jibondo, safari ya kufika hospitali ya wilaya Kilindoni huanzia baharini, na maji kupwa hayamngoji mgonjwa. Basi mume, mama mkwe na mkunga wapange mapema chombo, nauli na mtu wa kumsindikiza.

Wakunga wetu tunawaheshimu, na mkono wao mwepesi ni rehema kwa mzazi. Mkunga anayesema "hili limenishinda, mpelekeni" ameokoa roho.

Wabillahi tawfiq.