Biashara ya michezo iliyoanzia kiwanja cha mpira wa pete

Katika kamati ya msikiti wetu hakipiti kipindi kirefu bila kijana kuja na karatasi mkononi, akiomba aunganishwe na mwenye uwezo ili afungue biashara ya michezo. Mmoja anataka ukumbi wa mazoezi ya viungo, mwingine kiwanja cha nyasi bandia cha kukodisha, wa tatu duka la jezi. Azma zao ni njema, kwani michezo leo ni riziki ya watu wengi. Lakini nikizisoma karatasi hizo naona karibu zote zinaanzia mahali pamoja: bei ya mashine, kodi ya jengo na kiasi cha mtaji kinachotakiwa. Mteja hutajwa mwishoni, naye hutajwa kwa jumla tu, kwamba ni "vijana wa mtaa" au "wapenda michezo". Ni nani hasa huyo, anazuiwa na nini leo, na atatoa fedha yake kwa sababu gani, hayo hayasemwi.

Kwa sababu hiyo nimeona niwaletee wasomaji wa ukurasa huu habari za mwanamke wa mji wa Sydney, Australia, ambaye alianzia upande wa pili kabisa. Aliye wengi wamelisikia vazi lake, burkini, na wengi wamesikia kelele zilizolizunguka. Jinsi biashara yenyewe ilivyozaliwa ni habari isiyosimuliwa sana.

Aheda Zanetti alizaliwa Tripoli, Lebanon, akahamia Australia angali mtoto mdogo. Alikulia katika nchi ambayo ufukwe na bwawa la kuogelea ni kama baraza kwetu: ndipo watu wanapokutana, ndipo watoto wanapofahamiana. Mwanzoni mwa mwaka 2004 alikwenda kumtazama binti wa dada yake akicheza mpira wa pete. Kuruhusiwa kwake kucheza hakukuwa jambo jepesi, kwa kuwa mtoto alivaa hijabu, na ilibidi mama yake apambane kwanza ndipo akubaliwe. Basi siku hiyo akaingia uwanjani akiwa na hijabu ya kawaida, nguo ya mikono mirefu, suruali, na juu ya yote hayo jezi ya timu. Zanetti amesimulia kwamba mtoto alikuwa mwekundu kama nyanya kwa joto.

Wazazi wangapi wameliona jambo hilo wakaishia kusikitika? Mpira wa pete ni mchezo wa shule zetu pia, na wapo mabinti waliouacha mara tu walipobaleghe, kimya kimya, bila ya mtu kuwauliza sababu. Zanetti alirudi nyumbani akatafuta madukani vazi la michezo linalomstiri binti bila kumwelemea. Huko Uturuki kampuni ya Haşema ilikuwa imekwisha kuuza mavazi ya kuogelea yenye stara tangu miaka ya 1990, lakini katika maduka ya Australia yeye hakupata kitu. Akaketi akabuni mwenyewe: vazi jepesi la mikono mirefu, na mtandio uliofupishwa ukawa kama kofia inayokaa kichwani bila pini wala ncha za kupepea. Kutokana na hapo likafuata vazi la kuogelea.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye elimu. Nguo ya pamba ikiingia majini hunyonya maji ikawa nzito. Ikiwa pana, huelea na kupanda juu, ikamfunua yule yule aliyeivaa ili ajistiri. Mtandio mrefu huweza kumzonga mwogeleaji shingoni. Wenye mabwawa huzikataa nguo za namna hiyo, na si kila mara kwa chuki. Kwa hiyo tatizo lilikuwa la kifundi kabla ya kuwa la kitu kingine chochote: kipatikane kitambaa chepesi cha polista kisichonyonya maji na kinachokauka upesi, kanzu fupi isiyobana wala kupanda, suruali inayokwenda nayo, na kofia isiyochomoka.

Alijaribuje? Kwanza aliingia nalo katika beseni la kuogea nyumbani kwake. Kisha akaenda bwawa la mtaani, Roselands. Watu wakamkodolea macho. Akatembea mpaka mwisho wa bwawa, akapanda ubao wa kuchupia, akachupa. Kofia ilibaki mahali pake. Kwa maelezo yake mwenyewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoogelea mbele za watu. Hapakuwa na maabara wala mtaalamu wa kukodi, na mjaribu wa bidhaa alikuwa ndiye mteja wa kwanza.

Mwaka uliofuata yalitokea mambo mazito. Tarehe 11 Desemba 2005, katika ufukwe wa Cronulla, kusini mwa Sydney, maelfu ya watu walikusanyika na baadhi yao wakawashambulia waliodhaniwa kuwa na asili ya Mashariki ya Kati. Baada ya fitina hiyo, chama cha waokoaji wa fukwe nchini humo kikaanzisha mpango wa kuwaingiza vijana wa jamii za wahamiaji katika kazi ya uokoaji. Wasichana wa Kiislamu waliotaka kujiunga walihitaji vazi. Zanetti akashona burkini ya rangi nyekundu na njano, rangi za waokoaji wa nchi hiyo. Mwaka 2007 msichana Mecca Laalaa akafuzu kazi hiyo akiwa amevaa vazi hilo, na picha zake zikaenea duniani. Tangazo kama hilo halinunuliki. Lakini lisingetokea kama vazi lisingekuwa tayari limeshonwa na kujaribiwa kabla haja haijabisha hodi.

Yapo mawili zaidi katika mwenendo wake ambayo mfanyabiashara anafaa kuyatazama. La kwanza, alilinda jina. Aliisajili alama yake ya biashara, na kampuni yake, Ahiida, ikawa mwenye jina. Wengi wetu hushona kitu kizuri, wiki ya pili jirani akakiiga, wiki ya tatu hakuna anayekumbuka kilitoka wapi. Jina lenyewe, lililounganisha burka na bikini, lilimletea wateja na maadui kwa pamoja. Binafsi naona lilimgharimu zaidi ya alivyotarajia, maana lilibeba neno burka ambalo tayari lilikuwa likipiganiwa, ilhali vazi lenyewe halifuniki uso.

La pili, hakulifungia soko lake mlango. Alieleza baadaye kwamba karibu asilimia 40 ya wanunuzi wake si Waislamu. Wamo wanawake wa dini nyingine wenye kupenda stara, na wamo wanaokimbia jua, katika nchi ambayo saratani ya ngozi ni miongoni mwa maradhi yanayoogopwa sana. Mwaka 2011 mpishi mashuhuri wa Uingereza, Nigella Lawson, alionekana ufukweni Bondi akiwa amelivaa. Aliyeshona kwa ajili ya mtoto mmoja wa dada yake akawa ameshonea watu ambao hakuwafikiria.

Kisha ikaja Ufaransa. Katika kiangazi cha mwaka 2016, baada ya shambulio la Nice, miji kadhaa ya pwani ilipiga marufuku burkini. Tarehe 26 Agosti, baraza kuu la nchi hiyo linaloamua kesi za utawala lilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet. Mjadala haukwisha: mwaka 2022 baraza hilo hilo likazuia kanuni ya mji wa Grenoble iliyoruhusu vazi hilo katika mabwawa ya manispaa. Katika siku zile za 2016 Zanetti alisema mauzo yake ya mtandaoni yamepanda kwa asilimia 200, na kwamba tangu 2008 ameuza nguo zipatazo 700,000. Nisieleweke kwamba dhulma ni neema kwa biashara. Nguo iliyouzwa Australia haikumsaidia mwanamke aliyeamriwa kuondoka ufukweni mwa Ufaransa. Linaloonekana hapa ni kwamba biashara ya michezo inaishi juu ya kanuni za michezo na za mahali inapochezwa, na asiyezisoma kanuni hizo atashona bidhaa isiyoruhusiwa kuvaliwa.

Mpira wa miguu unaonyesha hilo wazi zaidi. Mwaka 2007 wanaotunga sheria za soka duniani walikataa hijabu uwanjani, na hoja ya usalama ikawa ndiyo inayosikika mara kwa mara: kitambaa kinaweza kumkaba mchezaji shingoni. Mwezi Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman katika mechi ya kufuzu Olimpiki. Wengine walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Wachache walikaa wakalijibu swali la shingo. Cindy van den Bremen, mbunifu wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kubuni hijabu ya michezo mwaka 1999 akiwa mwanafunzi, baada ya kusikia kwamba wasichana wanazuiwa masomo ya mazoezi kwa sababu ya mitandio yao. Huko Montreal, Kanada, Elham Seyed Javad alibuni ya kwake baada ya wasichana wa Kiislamu kutolewa katika mashindano ya taekwondo mwaka 2007. Hijabu za namna hii hazitumii pini, na zimeundwa ziachie zikivutwa kwa nguvu. Hoja ya usalama ikakosa pa kusimama. Mwaka 2012 zikakubaliwa kwa majaribio, na Machi 2014 zikaruhusiwa moja kwa moja. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake.

Mwaka huo wa 2017 uliotangulia, kampuni ya Nike nayo ilitoa hijabu yake ya michezo. Kijana atauliza: kuna faida gani ya kutangulia ikiwa mkubwa atakuja mwishowe? Jibu langu ni kwamba wabunifu hawa wadogo walikuwa wamekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 10 kabla mkubwa hajaja, na kuja kwake kulithibitisha kuwa soko lipo. Isitoshe, mkubwa huyo naye hakuzaliwa mkubwa. Phil Knight na kocha wake wa riadha Bill Bowerman walianza mwaka 1964 kwa kutoa dola 500 kila mmoja. Knight aliagiza viatu vya mbio kutoka Japani akaviuza kutoka katika gari lake kwenye mashindano ya riadha. Mchana alikuwa mhasibu, baadaye mwalimu wa chuo, na hakuacha ajira mpaka 1969. Bowerman yeye aliharibu chombo cha mkewe cha kuokea mikate kwa kumimina mpira ndani yake, akitafuta soli yenye vishikizo. Chombo kile kiliharibika, lakini soli ikapatikana.

Tuirudie pwani yetu. Visiwa vya Zanzibar vimezungukwa na bahari pande zote, na bado wanawake wengi wa visiwani hawajui kuogelea. Tunakumbuka usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na Julai 2012 ilipofuata MV Skagit. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Bahari ya usiku haina huruma hata kwa mvuvi. Lakini mzazi aliyezishuhudia siku zile haoni tena kuogelea kama anasa ya wageni wa mahotelini.

Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na kuandaa walimu wanaowafundisha wenzao. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha wanafunzi wa shule ya msingi Kijini wakijifunza kuelea, kuogelea na kuokoana katika bahari ya Muyuni, na picha zake zikatunukiwa katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Mradi huo si biashara. Hata hivyo umekwisha kumwonyesha mfanyabiashara mteja wake: msichana aliye tayari kuingia majini mara apatapo vazi, mwalimu wa kike na mahali pa faragha, na mzazi aliye tayari kumruhusu kwa masharti hayo hayo.

Anayetaka kuanza na vazi asikimbilie kushona dazeni 10. Ashone moja, alipe fundi wake haki yake hata kama nguo haikutoka vizuri, kisha alivae mtu anayemfahamu, aogelee nalo baharini wiki kadhaa, na kama anaweza katika bwawa lenye dawa pia. Atazame rangi inavyofifia, mishono ya kwapani inavyoachia, kitambaa kinavyobana au kuonyesha mwili kikilowa, na lastiki ya kofia inavyolegea. Amuulize aliyelivaa mahali lilipomkera, aandike, afumue, ashone la pili. Kisha aende na hilo la pili kwa mwalimu mkuu wa shule moja tu iliyo karibu na bahari.