Dawa Inapoleta Maradhi: Uvimbe wa Utumbo Mpana

Mgonjwa wa nimonia hupewa antibiotiki, kifua kikapona. Lakini baada ya siku chache huanza kuhara mara nyingi, tumbo likimsokota na homa ikirejea. Wengi hudhani kuwa dawa haikutosha, wakataka nyingine. Kumbe huenda dawa ndiyo iliyofungua mlango.

Katika utumbo mpana huishi bakteria wa aina mamia ambao, kwa kushika nafasi na chakula, huwazuia wageni kustawi. Antibiotiki haibagui adui na rafiki. Ikipita, huacha shamba tupu. Hapo huota bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hujihifadhi katika spora, yaani viini vyenye ganda gumu visivyokufa kwa antibiotiki wala kwa spiriti. (Ndiyo sababu wauguzi huagizwa kunawa kwa sabuni na maji.) Sumu zake huharibu ukuta wa utumbo, na pengine ukafunikwa na utando wa manjano. Bakteria huyu alielezwa mwaka 1935, akiwa katika vinyesi vya watoto wachanga wasiougua. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya hatia yake kuthibitishwa.

Katika tiba, antibiotiki iliyoanzisha maradhi huachwa ikiwezekana, na mgonjwa hurudishiwa maji na chumvi alizopoteza. Kisha humeza vankomisini kwa siku 10. Dawa hii ikimezwa haipenyi ila kidogo sana katika damu. Kasoro hiyo hapa ni faida, kwani hubaki utumboni penye adui. Fidaksomisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huwadhuru rafiki kwa uchache zaidi.

Hata hivyo spora huweza kuota upya, na maradhi yakarudi tena na tena. Kumwongezea mgonjwa huyo antibiotiki ni kulifyeka shamba lile lile. Afadhali kupanda upya: mwaka 1958 daktari Ben Eiseman na wenzake huko Denver waliwatia wagonjwa wanne kinyesi cha watu wenye afya, wakapona. Jambo hilo lilichukiza wengi, likapuuzwa. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walitangaza jaribio lao: kati ya wagonjwa 16 waliopewa kinyesi kilichochanganywa na maji ya chumvi, 15 walipona, 13 kati yao kwa mara ya kwanza tu, waliopewa vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilikatizwa mapema, na wengi waliougua tena wakapewa tiba hiyo mpya.

Mtoaji hupimwa damu na choo kwanza. Mwaka 2019 mgonjwa mmoja nchini Marekani alifariki kwa bakteria sugu waliotoka katika kinyesi alichopewa, na tangu hapo vipimo vimezidishwa.