Deizi ya Shasta Haitaki Kubembelezwa

Mtu aliyekulia Molo, Mufindi au kwenye milima ya Uporoto akiiona deizi ya Shasta uani kwa mwenzake, atauliza kwa nini pareto imehamishiwa nyumbani. Hajakosea sana. Petali nyeupe ni zile zile, kitovu cha manjano ni kile kile, na mimea yote miwili ni ya ukoo wa alizeti, ambamo kile tunachokiita ua moja kwa hakika ni maua madogo mengi yaliyobanana pamoja. Ukitazama vizuri utazitenganisha. Ua la pareto ni dogo, na jani lake limechanikachanika, tena lina rangi ya kijivu. Ua la Shasta huweza kufikia upana wa sentimita 10, na jani lake ni zima, nene, la kijani kilichokolea, lenye meno pembeni. Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho: pareto ina sumu ya kuua wadudu, Shasta haina. Asitokee mtu akayakausha maua haya na kuyasaga akitumaini kufukuza mbu.

Pareto nimeitaja mapema kwa sababu ndiyo itakayotusaidia kujibu swali ambalo pakiti za mbegu hazilijibu: je, deizi hii itachanua kwangu?

Shasta haikuokotwa porini. Ilitengenezwa na Luther Burbank, Mmarekani aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1849 na kuhamia Santa Rosa, California, mwaka 1875. Ndiye huyo huyo wa viazi vya Burbank, ambavyo uzao wake hukaangwa chipsi Marekani mpaka leo. Mwaka 1884 alianza kazi na deizi ya mashambani ya Ulaya, gugu alilolizoea tangu utotoni, akaichanganya na deizi kubwa iliyokuwa ikioteshwa Uingereza, kisha na nyingine kutoka Ureno. Maua yakapanuka, mashina yakaimarika, lakini weupe wake haukumridhisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, dawa aliipata kwenye deizi ya Japani, yenye ua dogo lakini jeupe kabisa. Kila kizazi alibakiza miche michache na kuing'oa mingine yote. Mwaka 1901, baada ya miaka 17, aliitangaza kwa wanunuzi na kuipa jina la Mlima Shasta, mlima wa mita 4,322 kaskazini mwa California ambao kilele chake huvaa theluji.

Simulizi hii ina faida kwa mwenye bustani, kwa maana mmea hurithi tabia za wazazi wake. Deizi iliyotoka Uingereza asili yake ni milima ya Pirenei, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Ya Japani huota pwani yenye upepo. Ile ya Ulaya hustawi kwenye malisho na kando ya barabara, mahali ambapo hakuna anayemwaga samadi wala maji. Wazazi wa namna hiyo hawawezi kuzaa mtoto wa kudekezwa. Shasta inataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, udongo usiotuamisha maji, na usiku wa baridi. Ikivipata hivyo vitatu, haina makuu.

Sasa turudi kwenye kuchanua. Ulaya na Marekani ya kaskazini, deizi hii hupita majira ya baridi kali, kisha hukutana na siku ndefu za mwezi Juni ambapo mwangaza hudumu saa 15 au 16. Aina nyingi zimezoea kusubiri ishara hizo mbili, baridi na siku ndefu, ndipo zipandishe mashina ya maua. Huku kwetu siku ndefu hazipo. Nairobi mwangaza ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbeya, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni kama saa moja tu. Ndiyo sababu mtu huagiza mbegu nzuri kutoka ng'ambo, akazipanda kwa uangalifu, akaishia kupata shada nene la majani na ua moja la kuhesabiwa. Udongo hulaumiwa, muuza mbegu hulaumiwa, kumbe mmea unasubiri siku ambayo haitafika.

Ishara ya baridi, hata hivyo, tunaweza kuipata. Pareto nayo huhitaji usiku wa baridi ili ianze kufanya vitumba, na kwa sababu hiyo wakulima huilima nyanda za juu, aghalabu kuanzia mita 1,800 na kwenda juu. Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi: pale ambapo pareto huchanua vizuri, Shasta ina nafasi. Limuru, Nyandarua, Njombe, Makete, Lushoto ya juu, hapo jaribu bila wasiwasi. Arusha na Nairobi ni maeneo ya katikati. Mengi yatategemea aina utakayochagua. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ushauri wangu ni kuiacha. Joto la usiku na unyevu wa hewa huidhoofisha, kisha ukungu wa mizizi huimalizia. Mkazi wa pwani atapata raha zaidi kwa zinia, mwenyeji wa Meksiko ambaye joto hilo ndilo analolipenda.

Kwenye kuchagua aina, wengi huvutwa na picha. 'Esther Read', ya mwaka 1931, yenye petali tabaka kwa tabaka, ni nzuri kupita kiasi, lakini ni miongoni mwa zile zinazodai siku ndefu, kwa hiyo mimi nisingeanza nayo. 'Alaska' ni aina ya zamani, hurefuka sentimita 60 hadi 90, huoteshwa kwa mbegu na kwa kawaida huchanua mwaka wa pili. 'Snow Lady' ni fupi, haizidi sana sentimita 30, na ina sifa moja inayotufaa: inaweza kuchanua mwaka ule ule wa kupandwa bila kushikilia sana masharti ya urefu wa siku. Anayepanda kwa mara ya kwanza aanze nayo. Aliyekwisha kuwa na shada lisilochanua aangalie kama anaweza kulihamishia karibu na taa ya kibarazani inayowaka usiku. Hayo si maajabu: wakulima wa Kenya wanaouza maua nje ya nchi huwasha taa usiku juu ya maua ya hiperikamu ili kuuhadaa mmea uamini kwamba siku ni ndefu.

Kupanda kwenyewe hakuna mengi. Mbegu hutawanywa juu ya udongo laini wa kitalu na kufunikwa kidogo sana, zikaota baada ya wiki mbili au tatu. Miche huhamishiwa bustanini mwanzoni mwa mvua kwa nafasi ya sentimita 30 kwa zile fupi, 45 hadi 60 kwa zile ndefu. Nyanda za juu zenye chai na misonobari mara nyingi udongo wake una asidi. Konzi ya majivu ya kuni au chokaa ya kilimo kwenye kila shimo itasaidia.

Maji ndiyo muuaji mkubwa. Mvua za masika za milimani zinaweza kunyesha wiki nzima, na Shasta iliyopandwa bondeni au kwenye udongo wa mfinyanzi huoza shingo, pale mizizi inapokutana na majani. Mwenye bustani huona majani yamelegea, akadhani ni kiu, akamwagilia. Kesho yake hali ni mbaya zaidi. Chimbua kidogo kwa kidole kabla ya kubeba ndoo: udongo ukiwa bado na unyevu, tatizo liko chini. Tuta lililoinuliwa sentimita 20 na kuchanganywa na mchanga huzuia mengi ya haya, na matandazo yasiwekwe yakagusa shingo ya mmea.

Samadi nayo itolewe kwa mkono mzito. Mboji iliyoiva, mara moja kwa mwaka, inatosha. Samadi mbichi ya kuku au urea huleta majani mengi laini, mashina marefu yanayolala chini kwa mvua ya kwanza, na vidukari wanaopenda utamu wa machipukizi hayo. Vidukari wakija, wasugue kwa maji ya sabuni chini ya majani kabla ya kufikiria dawa. Konokono huokotwa jioni.

Ua likinyauka, kata shina lake lote mpaka kwenye majani ya chini, usinyofoe kichwa tu na kuacha fimbo kavu. Mmea usiopoteza nguvu kwenye mbegu huendelea kutoa vitumba. Maua ya kukata hudumu chomboni takriban wiki moja, ila onyo dogo: baadhi ya aina zina harufu isiyopendeza, kwa vile nzi ni miongoni mwa wanaochavusha maua haya. Yaweke sebuleni penye hewa, si kwenye meza ya chakula.

Kazi ambayo karibu kila mtu huiruka ni kugawanya mashada. Shasta si mmea wa kudumu miaka kumi palepale. Kufikia mwaka wa tatu katikati ya shada huwa pagumu kama kuni, machipukizi yote yamekimbilia pembeni yakigombania chakula, na maua yanapungua. Wengi wakifika hapo huongeza mbolea. Kinachotakiwa ni kung'oa. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwanzoni mwa mvua, chimbua shada lote kwa uma wa bustani, likate kwa panga kali, tupa ile sehemu ngumu ya katikati, kisha panda upya vipande vya pembeni vyenye mizizi hai na machipukizi matatu hadi matano. Aina zenye petali za tabaka hazina njia nyingine ya kuaminika, kwa sababu mbegu zake hazitoi mtoto anayefanana na mama.

Kuna jambo moja kwa wakazi wa Makete na jirani zao wa Mbeya. Pakiti za mbegu za rangi mbalimbali zinazouzwa kama maua ya porini ya Ulaya huweza kuwa na ile deizi ya mashambani, mzazi wa Shasta. Hiyo husambaa kwa mbegu na kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na imekwisha kuwa kero Marekani na Australia. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake ya asili. Pakiti za namna hiyo zisifunguliwe karibu na uwanda ule.

Na kabla hujaagiza mbegu kokote, pita kwanza mtaani kwako utazame. Ukimkuta jirani mwenye deizi inayochanua, bisha hodi, umwombe kipande siku atakapogawanya shada lake. Aina hiyo imekwisha kuonyesha kwamba siku zetu za saa 12 zinaitosha, na hakuna pakiti inayoweza kukuhakikishia hilo.