"Nasuka Tu, Mwalimu"

Juma lililopita nilikuwa Malaba, nikipita kandokando ya malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda, niliposikia sauti ikiniita. Kugeuka, nikamwona mwanafunzi wangu wa zamani kutoka Angurai, kitana mkononi, amesimama mlangoni pa saluni. Tukajuliana hali. Nilipomwuliza anafanya kazi gani siku hizi, aliinamisha macho akajibu: "Nasuka tu, Mwalimu."

Neno hilo "tu" lilinichoma, kwani najua lilikotoka. Ni mimi niliyekuwa nikiwatisha wasichana wazembe darasani kwamba wakifeli wataishia kusuka nywele mpakani. Wenzangu hawakunipinga, nao walikuwa na yao juu ya vinyozi na waendesha boda boda. Sisi walimu tuna ndimi kali kuliko kiboko.

Niliketi kwa muda wa saa nzima, nikatazama. Mteja mmoja alitaka nywele zake zilainishwe kwa dawa. Binti yule alimkagua kichwa, akaona kidonda kidogo, akakataa katakata kumpaka ingawa pesa zilikuwa tayari. Ndugu msomaji, dawa nyingi za aina hiyo zina sodiamu haidroksaidi, ile ile itumiwayo kutengenezea sabuni, na kipimo chake cha pH hufika 12 na zaidi. Huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na ikikaa kupita kiasi huunguza ngozi. Mimi nilimfundisha asidi na besi kwa chaki; yeye anazitumia juu ya kichwa cha mtu aliye hai. Mteja mwingine, aliyetaka kusukwa kwa kukazwa mno, alionywa kwamba nywele za pembeni mwa uso zaweza kung'oka zisiote tena. Mazungumzo yalikwenda kwa Kiteso, Kiswahili na Kiganda, na malipo kwa shilingi za nchi mbili, hesabu ikifanywa kichwani.

Na bado bei aliitaja kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mteja akaikata nusu, naye akakubali.

Kule Marekani, Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa dobi kabla ya kuanzisha biashara ya nywele. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake mkutanoni Philadelphia, wanawake ambao hawakuitwa wasukaji wa hivi hivi bali wataalamu wa utunzaji wa nywele. Humu nchini pia ususi una mtihani: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutahini kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Binti yule hakuwa na habari hiyo. Nami sikuwahi kumwambia, licha ya kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulikusudiwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa kujitegemea.

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wateja. Alicheka, akadhani natania.

Tangu siku hiyo nimemwandikia mwalimu mkuu wetu nikipendekeza binti huyo aalikwe siku ya ushauri wa kazi, aketi meza moja na daktari na wakili tunaowaalika kila mwaka. Bado sijajibiwa.